Mfaransa wa Baba Mkwe

Naanza na ukweli ili msije mkanidhania mwanamichezo. Mimi baiskeli naipanda kama mtu aliyeazimwa punda: kwa woga, na kwa kuomba radhi. Nikiona mteremko nashuka. Nikiona mwinuko nashuka. Na Mwanza ile ya mawe, ukitoa mteremko na mwinuko, njia inayobaki ni ya kutoka mlangoni mpaka chooni. Mke wangu alikuwa akiniona narudi nimeikokota baiskeli, jasho linanitiririka, anasema, "Si ungenunua toroli tu, tukajua moja?"

Kwa hiyo hadi leo nashangaa ilikuwaje mtu wa namna hiyo akakabidhiwa baiskeli ya mbio.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipokuwa kikitafutiwa mwenyewe mpya. Kiwanda cha nguo nilichokuwa karani wa stoo pale Nyakato nacho kikaanza kutafutiwa, na sisi tukaambiwa tukapumzike nyumbani hadi tutakapoitwa. Wenzangu hawakungoja kuitwa. Mmoja akaingia kwenye minofu ya sangara, mwingine akaanza kuleta marobota ya mitumba, mwingine akafungua kibanda cha kuonyesha video. Mimi nilitii agizo. Nilipumzika. Nina kipaji hicho tangu utotoni: ukiniweka mahali, ukirudi unanikuta. Aliyetulisha ni mke wangu na meza yake ya vitenge sokoni. Jioni akiingia ananikuta kibarazani, kiti kilekile, ananiuliza, "Habari za safari?"

Kwao ni upande wa Magu, wakulima wa pamba. Baba yake alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye magoti yanayolia kila akiinuka, na mdomo usiochoka. Asubuhi moja akashuka kwenye lori la pamba akiwa amebeba begani fremu ya baiskeli. Fremu tupu. Haina magurudumu, haina usukani, haina siti. Mabomba na uma wa mbele basi, na juu yake rangi imepakwa kwa brashi ya kupakia milango.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Bado unapumzika?"

"Bado, baba."

"Vizuri. Nimekuletea kazi ya kufanya umekaa."

Akaiegemeza ukutani, akaeleza. Baiskeli hiyo aliachiwa ujanani na padri mmoja wa kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na juu yake alishinda mbio Magu, akashinda Mwanza, akavuka na meli mpaka Nansio akashinda na huko. Sasa mwaka huo, baada ya mavuno ya pamba, kulikuwa na mbio za wazee pale Magu. Wazee wenzake walikwishajiandikisha. Naye alitaka kuipanda mara moja ya mwisho.

"Magoti haya yana msimu mmoja tu, mkwe. Mwakani yatanikana."

"Tutafunga vipuri vipya, baba, siku hizi vimejaa tele."

"Vya Kichina? Hapana! Nataka orijino. Wale wazee wanaijua baiskeli ile kuliko wanavyowajua wake zao. Nikitokea na pedeli ya kuazima watacheka mpaka nife."

Nikauliza hivyo vya orijino vilikwenda wapi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Wezi. Kijiji chetu kina wezi wa ajabu. Mwaka huu wanachukua siti, mwaka mwingine ringi. Polepole, kama mchwa."

Nilimwamini. Sioni haya kusema hivyo, maana hata ningekuwa na akili zaidi, mkwe hamhoji mkwe.

Basi nikaingia kazini. Nilikwangua rangi kwa kipande cha kioo, nikakuta rangi chini ya rangi. Ya juu ya fedha, chini yake kijani, chini yake bluu, na chini kabisa nyekundu iliyoiva kama zabibu, na kwenye maungio ya mabomba mstari mwembamba wa dhahabu, umechorwa kwa mkono uliotulia. Hapo ndipo niliposhikwa. Mtu aliyekaa miaka stoo akihesabu majora ya kaniki, siku moja anaona mstari wa dhahabu usioonekana kwa miongo, anajiona mgunduzi.

Mbele, chini ya usukani, palikuwa na vitundu viwili vya ribiti, ile misumari ya kupondwa, pale nembo ilipong'olewa, kwa hiyo jina la kiwanda halikuwepo. Ikabidi nitambue kwa mwili. Pale ekseli ya pedeli inapopita, baiskeli zetu za kawaida upande wa kulia hufungwa kinyume. Hii pande zote mbili zilifungwa kuelekea upande mmoja. Fundi wa jirani akaniambia aliwahi kusikia kwamba Wataliano ndio hufunga hivyo. Sikungoja ushahidi mwingine. Nilitangaza mtaa mzima kwamba nina Mtaliano ndani. Niliwaeleza majirani tofauti ya chuma cha Kitaliano na vyuma vingine, jambo nililolitunga palepale nikilieleza. Kisha nikaenda mjini kwenye duka moja la vipuri la kurithishana, ambalo makopo yake ya juu hayajafutwa vumbi tangu babu wa mwenye duka, nikaagiza kikombe cha ekseli cha Kitaliano kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwenye duka akachukua kipimo chake, akapima fremu, akacheka kidogo.

"Bwana, Mtaliano ni mnene zaidi ya huyu. Na Mfaransa naye hufunga pande zote hivihivi. Huyu wako Mfaransa."

Akapanda ngazi, akashuka na kopo, na kikombe kikaingia bila kulazimishwa. Nikarudi Nyakato kuubadilishia mtaa uraia wa baiskeli. Tangu siku hiyo watu wakipita kibarazani hawanisalimii mimi. "Mfaransa kaamkaje?" "Mfaransa kashakunywa chai?"

Nikawa mtu wa kuogopwa. Kila baiskeli niliyoiona nilitaka kujua imezaliwa wapi. Niliinama sokoni kutazama namba chini ya baiskeli za watu, goti moja chini, kichwa ubavuni, jicho moja nimelifumba ili lile jingine lifanye kazi vizuri. Muuza maziwa mmoja alinikuta hivyo chini ya baiskeli yake akaniitia mwizi, na nisingeokoka kama mke wangu hangetokea kwenye meza yake kunidhamini. "Mwacheni, ni wangu," aliwaambia watu. "Haibi. Anaangalia tu."

Kwenye makopo ya yule mwenye duka nilipata pedeli, ringi moja, na friwili, ile gia ya nyuma inayolia tiki-tiki mpandaji akiacha kukanyaga. Lakini usukani, ringi ya pili, gia kubwa ya mbele na siti havikuwepo. Na pamba ilikwishaanza kupasuka mashambani. Mbio zilikuwa karibu.

"Twende nyumbani Magu ukatafute," mke wangu akasema. "Mwizi wa kijijini hauzi mbali."

Mimi safari inaniumiza hata kuisikia. Lakini kilichonisumbua zaidi ni mama mkwe.

Siku hizi mjini wakwe wanapeana mikono, wengine wanakaa meza moja wanamegeana samaki. Mama mkwe wangu hakuwa wa mjini. Kwake mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, wala hawasemezani uso kwa uso. Tangu nioe nilikuwa nimemwona mara chache sana, na kila mara nilichoona ni pindo la kanga likikata kona ya nyumba. Akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa mtu, na kama mtu hayupo, huliambia kitu kilicho karibu. Siku ya kwanza nilipofika kama mkwe nilimsikia jikoni akimwambia kuku, "Kuku, mwambie mgeni maji ya kuoga yako tayari." Nikamshukuru kuku.

Tukaenda. Njia nzima mke wangu alinihutubia: usisogee jikoni, usiinue macho ovyo, ukimsikia anakuja kohoa.

Tulikaribishwa uani, karibu na kihenge cha mtama. Baba mkwe alikuwa shambani. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtu mwenye mdomo wa baba yake, akaniletea kiti. Nikakaa kwa adabu, macho chini. Kisha macho yakaniponyoka.

Mdomo wa kihenge ulikuwa wa duara mno. Vihenge havina duara la namna hiyo. Mkono wa binadamu haulitoi. Nikatazama vizuri: bati jepesi la kung'aa limesukiwa ndani ya fito, na lina matundu ya spoku. Ringi ya mbio! Nikageuza shingo. Kwenye boriti ya jikoni vibuyu vya maziwa vilining'inia juu ya kitu kilichopinda chini pande mbili kama pembe za kondoo dume. Usukani. Chini ya mtungi wa maji, ukiushikilia usiyumbe, palikuwa na duara la meno lenye matawi matatu katikati. Gia kubwa ya mbele. Nikahisi moyo unakwenda kama friwili. Wezi wa kijiji kile walikuwa wameiba vitu na kuvileta humuhumu!

Palibaki siti. Nikaitafuta kwa macho ukuta kwa ukuta, na nikaiona.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbele ya jiko, amenipa mgongo, anachambua karanga kwenye ungo. Kigoda chake kilikuwa gogo lililovikwa ngozi nyeusi, ndefu, yenye mdomo mwembamba uliotokeza kwa mbele. Pembeni, ngozi ilikuwa imebanwa na ribiti za shaba.

Sasa ribiti za shaba ndizo zinazosema. Zikiwa ndogo, siti ni ya kawaida. Zikiwa kubwa, zimepondwa kwa nyundo moja moja, ni siti ya mbio, yenyewe. Kutoka nilipokaa sikuweza kuona. Naapa sikukumbuka huyo mwanamke ni nani. Nilisimama, nikasogea, nikapiga goti moja, nikalaza kichwa ubavuni, nikafumba jicho moja.

"Shemeji!" Sauti ikatoka nyuma yangu. "Umepoteza nini huko?"

Mama mkwe akageuka.

Ungo uliruka, karanga zikatawanyika ua mzima, na kanga ikaingia jikoni kwa kasi ambayo hakuna baiskeli iliyowahi kuipata. Kuku wakafurahia karanga. Mke wangu akaja mbio, akanikuta bado nimepiga goti, maana niliogopa hata kusimama.

"Mwanamume mzima!" akasema. "Umekosa kazi Mwanza ndipo ukaja Magu kumkagua mama yangu?"

"Nilikuwa naangalia ribiti."

"Ribiti za mama?"

Shemeji alilazimika kushika nguzo ya kihenge. Alicheka mpaka hana sauti, kisha akaipata sauti ili aende kuwaita majirani.

Mkwe aliyemtazama mkwe hutoa kitu cha kumtuliza. Nikaambiwa mbuzi na kitenge. Mbuzi nilimpata kwa shemeji, ambaye katika kisa chote ndiye aliyepata faida. Kitenge kilitoka kwenye mzigo wa biashara wa mke wangu, na akakichagua mwenyewe, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, ili nijifunze.

Jioni baba mkwe aliporudi tukakaa uani, mimi mbele yake kama mtuhumiwa, mke wangu na shemeji kando. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango umerudishwa nusu. Baba mkwe akakohoa.

"Mkwe. Hebu tueleze. Uliona nini hasa?"

Hapo palikuwa pagumu. Nikinyamaza, nabaki mtu aliyemchungulia mama mkwe wake. Nikisema, namtaja mama wa watu kwa wizi mbele ya mumewe. Nikawaza magoti yake, na wale wazee wanaongoja kucheka. Nikasema.

"Baba, siti yako ipo. Mama ameikalia. Na ringi iko kwenye kihenge, usukani uko kwenye vibuyu, na gia iko chini ya mtungi."

Jikoni tukasikia kifuniko kikiwekwa chini.

"Jungu," sauti ya mama mkwe ikasema, taratibu kabisa, "waambie. Waambie kijiji hiki hakina mwizi. Kuna mtu alikwenda Nansio kwa mbio za siku moja, akarudi mavuno yamekwisha, nimevuna peke yangu na mtoto mgongoni. Nikatoa siti. Akatafuta ya kuazima, akaenda tena. Nikatoa ringi. Akaazima na ringi. Jungu, we umenijua ujanani, mimi ni mtu wa kuchoka? Nilitoa mpaka ikabaki mifupa."

Nilimtazama baba mkwe nikitegemea hasira. Alikuwa anakuna goti.

"Usukani wangu umebeba vibuyu miaka yote hiyo," akasema. "Mimi si kipofu."

"Sasa baba, mbona ulisema wezi?" mke wangu akauliza.

"Ningesema nini? Ningeuliza habari ya siti, angeuliza habari ya Nansio." Akanigeukia, bila aibu hata kidogo. "Ndiyo maana nilikupelekea wewe fremu. Nilitaka mtu wa kuviona ambaye si mimi. Nikasema, mkwe wangu huyu hana kazi, ana macho, na hana akili za kunyamaza."

Shemeji akaanza upya kushika nguzo.

"Jungu," sauti ikaendelea, "muulize huyo bwana, hizo mbio zinaishia wapi?"

"Magu mjini. Siku hiyohiyo," baba mkwe akaliambia jungu.

"Na magoti?"

"Yana msimu huu tu."

Tulisikia moto ukilia. Mzee alikuwa ameacha kukuna goti. Mdomo wake wote ule ulikuwa umefungwa, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyoitaka siku ile.

"Jungu, mwambie aende," mama mkwe akasema. "Achukue siti, achukue na kila kitu. Lakini safari hii tunakwenda wote. Mimi nakaa nyuma."

"Nyuma wapi?" nikasema. Ilinitoka tu. "Baiskeli ya mbio haina keria! Fremu yenyewe haina hata tundu la kufungia. Tukitoboa tumeharibu uorijino wote!"

Watu wote wakanitazama. Nafikiri hata jungu.

"Wewe nyamaza," mke wangu akasema. "Bado una kesi."

Nikaifunga keria. Sikutoboa, heshima hiyo nilijiwekea: niliishika kwa vibano, na chini ya kila kibano nikavisha mpira wa tyubu ili rangi ya zabibu isichubuke. Ilikuwa keria ya Kichina, pana, ya kubebea magunia. Nilimkumbusha baba mkwe sharti lake la kukataa vyuma vya Kichina. Akasema, "Hicho si chuma cha baiskeli. Hicho ni kiti cha mama yako." Ringi niliichomoa kwenye kihenge kwa kunyoosha fito moja moja, nikaacha pale duara la mti nililolikunja mwenyewe, ambalo lilikuwa na kona. Siti ilikuwa shida nyingine. Ngozi hushika umbo la mwenyewe, na mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa mwingine. Baba mkwe alipoijaribu alijisogeza huku na huko, akasema itabidi wazoeane upya.

Siku ya mbio tulisimama kando ya barabara pale Magu, karibu na marobota ya pamba. Nilikuwa na kitambaa mkononi, maana nilikuwa nimemfuta Mfaransa mpaka dakika ya mwisho. Miezi yote ile nilikuwa nimemgeuza juu chini, nimempaka mafuta, nimelala naye chumba kimoja, lakini sikuwahi kumwona akitembea. Kwenye mteremko wa kwetu nani angempanda, mimi? Wazee wakaanza kuonekana kwa mbali, watu wakapiga kelele, nikanyoosha shingo.

Shemeji akaniegemea begani. "Shemeji, mama yuko nyuma ya baba. Ukitazama, mbuzi wa pili ninaye, tena huyu ni mnene."

Nikageukia marobota. Nilisimama uso kwenye gunia, kama mtoto aliyeadhibiwa, huku nyuma yangu Magu nzima ikishangilia baiskeli niliyoifufua.

"Wamefika?" nikauliza.

"Wanakuja," mke wangu akasema. "Mama kavaa kitenge changu. Kimempendeza, uchungu basi tu."

"Mnyororo umekaa sawa?"

"Mimi nitajuaje mnyororo?"

"Ni wa ngapi?"

"Wa mwisho. Hapana, ngoja, nyuma yao kuna mzee kashuka anaikokota. Kama wewe."

Kisha nikaisikia. Baba mkwe aliacha kukanyaga alipofika mbele yetu, nadhani kwa makusudi, na friwili ikalia tiki-tiki-tiki, safi, haina hata chembe ya mchanga, ikapita nyuma ya kisogo changu na kwenda. Wazee wenzake walikuwa wakimwita kwa majina ya zamani. Hakuna aliyecheka pedeli. Walichokuwa wakicheka ni keria, na mama mkwe alikuwa akiwajibu, mmoja mmoja, bila kupitia kwa jungu.

"Wamekata kamba ya kumalizia," mke wangu akasema. Kisha, baada ya kidogo, "Mbona hawasimami?"

"Breki! Nilizikaza vizuri, naapa."

"Si breki. Baba bado anakanyaga. Mama anampiga ngumi za mgongo, anacheka."

"Wanaelekea wapi?"

"Sijui. Nyumbani si huko."

Nikauliza kama sasa naweza kugeuka.

"Subiri," akasema. "Bado nawaona."